Bamba la Tatu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka huyafikia masikio yangu kabla ya macho. Nasikia bomba la chuma likikohoa juu ya kilima chetu cha Ijumbi. Likakohoa, likatema hewa, likanyamaza. Na watu wote waliosimama pale, Wakatoliki kwa Walutheri, wakanyamaza nalo. Nitakueleza lilivyomaliza kukohoa, lakini si sasa hivi. Keti kwanza. Habari ya bamba la alumini haisimuliwi kwa kukimbia, kama ambavyo bamba lenyewe halinyooshwi kwa kukimbia.

Ilikuwa miaka ya ujamaa. Sisi huku hatukuhamishwa mbali kama wenzetu wa mikoa mingine, kwa kuwa vibanja vyetu, mashamba ya migomba yenye nyumba ndani, vilikuwa vimebanana tangu enzi za mababu. Tulichopewa kilikuwa jina la kijiji, mwenyekiti, shamba la pamoja, na pampu ya maji. Jina tulilizoea upesi. Shamba tulilima, wengine kwa moyo, wengine kwa kuogopa kuonekana. Lakini pampu tuliipenda wote.

Ilikaa bondeni penye chemchemi, imefungwa kwa bolti juu ya saruji, na injini yake ya dizeli pembeni. Ilisukuma maji hadi kwenye tangi lililojengwa juu kilimani, na karibu na tangi palikuwa na bomba la kijiji. Kabla ya hapo maji yetu yalipanda kilima kichwani mwa mwanamke. Mama yangu aliyapandisha, dada zangu waliyapandisha, na zaidi ya wote Ma Koku, mjane ambaye nyumba yake ilikuwa ya mwisho juu kabisa, mwenye goti lililolia kama bawaba kavu.

Pampu ilifanya kazi msimu mmoja, kisha ikafa.

Nikueleze ilivyokuwa ndani, maana bila hilo hutaelewa mengine. Palikuwa na gurudumu la shaba lenye makali mapana, likizunguka katikati ya vifuniko viwili vya alumini, kimoja kulia na kimoja kushoto. Kati ya gurudumu na kila kifuniko ilibaki nafasi nyembamba kama karatasi. Vifuniko vikikaribia mno, gurudumu husaga. Vikiwa mbali, maji hurudi nyuma kwa njia ya pembeni badala ya kupanda. Maji ya chemchemi yetu yalikuwa yameila alumini kidogo kidogo, na siku mtu alipojaribu kuzuia uvujaji kwa kukaza bolti kwa nguvu zake zote, kifuniko kimoja kikapasuka. Cha pili kilikuwa kimekwisha kupinda.

Bwana Maji wa wilaya akaja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametafuta kipuri akakikosa. Nchi nzima wakati huo ilikuwa ikitafuta vipuri. Akasimama mbele ya mkutano, kofia mkononi, akasema, "Ndugu zangu, pampu ya Kagoma ni pacha wa hii, na yao imevunjika gurudumu. Pampu mbili zilizolala hazimnyweshi mtu. Nikirudi nikaikuta hii bado imelala, nitaing'oa pamoja na injini yake, nitengeneze moja kwa ajili ya Kagoma."

Watu wakaguna. Ndipo Kaijage akasimama, akapaza sauti, "Hutaing'oa, Bwana Maji! Mwesiga atatengeneza vifuniko!"

Mwesiga ndiye mimi. Sikuwa nimeulizwa.

Kaijage alikuwa mwendesha pampu, na alikuwa rafiki yangu wa buni. Ninyi vijana mmeanza kusahau maana yake. Tunda la kahawa lina punje mbili ndani, zimelaliana uso kwa uso. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu walimenya tunda moja, wakapeana punje hizo, kila mmoja akala ya mwenzake. Wazee wa zamani walizipaka na damu zao. Sisi hatukuchanjana, paroko asingetuelewa. Lakini tulimenya, tukala, na toka siku hiyo neno la Kaijage lilikuwa langu na langu lake. Kwa hiyo aliponitaja mbele ya kijiji kizima, niliinuka nikasema, "Nitatengeneza."

Karakana yangu ilikuwa chumba cha nyuma katika nyumba ya baba, mahali palipokuwa pakihifadhiwa vyombo vya kukamulia lubisi, pombe yetu ya ndizi. Nilikuwa na jiliwa nililolifunga kwenye kisiki cha mvule, tupa za aina mbalimbali, keekee ya mkono, msumeno wa chuma, na kitabu kimoja cha Kiingereza kilichong'oka jalada, ambacho nilikisoma na kamusi pembeni kama mtu anayepalilia mtama. Shuleni sikufundishwa chuma. Nilijifunza kwa kufungua baiskeli za watu na kuzifunga tena, na mwanzoni zilibaki nati mkononi.

Tulikusanya pistoni kuukuu na kipande cha kasha la gia la lori lililokufa barabarani. Tukachimba tanuri ukingoni mwa kibanja, tukayeyusha, tukamimina kwenye udongo wa kichuguu tuliouchekecha na kuunyunyizia maji. Yakatoka mabamba mawili, yana sura ya chapati iliyosahauliwa jikoni. Kisha ikaanza kazi ya tupa.

Alumini, mwanangu, inadanganya. Ni laini, unaidhani ni rafiki. Lakini huziba meno ya tupa, na ukiendelea na tupa iliyoziba, hukwangua mifereji ambayo itakugharimu asubuhi nzima kuifuta. Dawa yake ni kuipaka tupa chaki na kuisugua kwa brashi ya waya kila baada ya muda. Ukitoboa, dondoshea mafuta ya taa. Na usiisugue kwa mchanga hata uambiwe vipi, kwa kuwa mchanga huingia katika nyama yake ukakaa humo, kisha hula kila kinachoigusa. Haya niliyajua. Nilidhani yametosha.

Nilipomaliza tupa, nilichanganya masizi ya kibatari na mafuta, nikalipaka bamba moja, nikalilaza juu ya lenzake na kulisogeza kidogo. Palipoinuka paliacha weusi kwenye lenzake. Nikapakwangua kwa kisu nilichokitengeneza kutokana na tupa kuukuu. Nikapaka tena, nikakwangua tena. Weusi ukaenea polepole, mpaka mabamba yote mawili yakawa na madoa kila mahali, sawasawa, kama ngozi ya kanga. Niliyaweka pamoja, nikayainua kwenye mwanga wa mlango. Hapakupita hata unywele wa mwanga.

"Yamekaa!" Kaijage akapiga kofi. "Kama punje za buni!"

"Kama punje za buni," nami nikasema.

Tuliteremka nayo bondeni tukiimba. Kijiji kikatufuata. Tukafunga, Kaijage akazungusha mpini wa injini, ikawaka, na papo hapo pampu ikapiga ukelele hata ng'ombe waliokuwa ng'ambo ya bonde wakainua vichwa. Tuliiacha kidogo tukiamini itazoea. Maji yakaingia kwenye bomba, yakapanda, tukayasikia yakipanda. Yakafika nusu ya kilima, yakasimama, yakateremka tena kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Tulipofungua, kifuniko cha kulia kilikuwa kimesagwa katikati. Cha kushoto hakikuguswa kabisa.

Ma Koku alikuwa ameketi juu ya ndoo yake iliyopinduliwa. Akainuka, akaipindua, akachota maji pale pale chemchemini.

"Pampu yenu inavuta maneno," akasema. "Maji yananingoja mimi." Akajitwisha, akaanza kupanda.

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Wahenga walisema mkamia maji hayanywi, na siku hiyo niliyaona maji niliyoyakamia yakirudi bondeni mbele ya macho yangu.

Kesho yake nilipanda baiskeli, mabamba yamefungwa kwenye gunia nyuma yangu, nikaelekea Bukoba, mpaka Kagondo. Huko aliishi Mzee Byabato, fundi mstaafu wa meli za ziwani, ambaye alikuwa na mashine ya kukerezea ya kukanyaga kwa mguu chini ya kibanda nyuma ya nyumba yake. Kuuliza si ujinga, ingawa njiani nilijiona mjinga kwelikweli.

Alinipokea kwa kijikapu cha buni zilizokaushwa za kutafuna, kama ilivyo desturi. Nikatafuna, nikaeleza. Aliyachukua mabamba yangu, akayalaza moja juu ya jingine, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akalitenga la kushoto, akaweka ukingo wa rula ya chuma juu yake, akaniita nitazame kwenye mwanga. Katikati, chini ya rula, palikuwa na mwanga. Akaiweka juu ya la kulia. Rula ikacheza kama mizani.

"Moja limebonyea kama kiganja," akasema. "Jingine limebenuka kama mgongo wa kobe. Yamependana sana."

"Lakini yamekaa, waitu," nikasema, kwa neno letu la heshima.

"Nani anasema yamekaa?"

"Bamba hili linasema."

"Na bamba hili nani analisemea?"

Nikaonyesha la pili. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Mwesiga, wewe ni Mhaya hadi kwenye tupa. Umefanya udugu wa buni na alumini." Akachukua tunda moja kavu kijikapuni, akalipasua kwa kucha, akanionyesha punje mbili. "Tazama. Zimekaa?"

"Zimekaa."

"Zimenyooka?"

Nikatazama. Kila punje, upande ule inaolaliana na mwenzake, ina mfereji katikati. Nilikuwa nimezitafuna tangu utotoni na sikuwa nimewahi kuutazama mfereji ule.

"Wawili wakikubaliana," mzee akasema, na sasa hakuwa akicheka, "wamekuonyesha kwamba wanakubaliana. Basi. Hawajakuonyesha kwamba wako sawa. Kombo la huyu limejificha ndani ya kombo la yule. Tangu uanze kazi hii, kijana, umeuliza nani mwingine zaidi ya huyo rafiki yako anayekupigia makofi?"

Nilikuwa sijauliza mtu.

Akaingia kibandani akatoka na bamba la tatu, la alumini, la ukubwa ule ule karibu. Akanifundisha. Paka la kwanza, lilaze juu ya la pili, kwangua. La pili juu ya la tatu, kwangua. La tatu juu ya la kwanza. Kila mara ligeuze robo, lisizoee mkao mmoja. Mabonde mawili hayawezi kukaa pamoja, wala migongo miwili; na likiingia la tatu, lazima siku moja bonde likutane na bonde na mgongo ukutane na mgongo, na hapo uongo unakosa pa kulala. Yakikubaliana yote matatu, kila moja na kila lenzake, yamenyooka. Hakuna namna nyingine ya kukubaliana.

"Na kitu cha mwisho," akasema akinifungia gunia, mabamba yote matatu ndani. "Wewe na rafiki yako mtaona mnachotaka kuona. Mtafute mtu asiyekusifu. Huyo ndiye akuambie kama weusi umeenea."

Nilimjua mtu huyo. Ningefurahi kama ningeweza kumsahau.

Ma Koku aliposikia ninachotaka, alinitazama kama anavyotazamwa muuza mbuzi mgonjwa. Lakini alikuja. Miaka mingi alikuwa mchambuaji wa buni, na jicho lake lilikuwa kali kuliko rula. Aliketi mlangoni pa karakana, goti limenyooshwa, nami nikamletea bamba.

"Hapa peupe," alisema.

"Wapi, Ma Koku?"

"Hapa. Wewe unatazama pale ulipofanya kazi. Tazama pale ulipochoka."

Kaijage alizunguka nje kama kuku anayetaka kutaga. "Mwesiga, ndugu yangu, imetosha! Mimi naiona imetosha!"

"Wewe ungeiona imetosha hata ingekuwa sufuria," Ma Koku alimjibu bila kugeuka. "Nenda kachote maji."

Na kweli alikwenda, akamchotea maji, kila siku aliyokuja. Kijiji kizima kilimwona Kaijage, mwanamume mzima, akipanda kilima na ndoo ya mjane kichwani, na utani ulikuwa mwingi: "Pampu mpya hiyo! Haitumii dizeli!" Yeye alijibu kwa kucheka. Lakini jioni moja alikuja karakanani, shingo imekakamaa, akaketi, akasema, "Kilima hiki ni kirefu, Mwesiga. Sikujua. Kwangua taratibu."

Mwanangu, toka jioni hiyo tulikuwa marafiki kwa namna nyingine, na ilikuwa namna bora zaidi.

Kazi ilikwenda. La kwanza na la pili, la pili na la tatu, la tatu na la kwanza. Kuna siku nilimaliza nikiwa nyuma ya pale nilipoanzia. Mwenyekiti alipita kuuliza, nikamwambia bado. Akapita tena, bado. Wengine walisema nimeshindwa na naona haya kutamka. Nilikata vidude vingine vidogo huku nikipumzisha mikono: nati, vishikizo, na gasketi kutoka karatasi ya mfuko wa saruji niliyoilowesha mafuta. Kwa ajili ya tundu la mhimili wa gurudumu nilivipeleka vifuniko Kagondo, Mzee Byabato akalikereza kwa mguu wake mwenyewe, taratibu, akinung'unika wimbo wa kanisani.

Ndipo asubuhi moja Ma Koku akalishika bamba la kwanza, akaligeuza kwenye mwanga. Akalishika la pili. Akalishika la tatu. Akayarudia.

"Sioni peupe," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekasirishwa na jambo hilo.

Kumbe mchana ule ule lori la wilaya lilikuwa njiani. Tulikuwa bondeni tukifunga bolti, tukikaza moja kisha inayoielekea, tulipolisikia likishuka. Bwana Maji akateremka na vijana wenye spana.

"Ndugu Mwesiga," akasema kwa upole, "nimechelewa kuja kwa makusudi. Sasa sina budi."

"Nipe muda wa kuwasha injini, waitu."

Akatazama vijana wake, akatazama kilima. Watu walikuwa wamekwisha kujipanga toka bondeni hadi juu, kila mmoja na chombo. Akaketi juu ya jiwe. "Washa."

Nilimwachia Kaijage injini. Mimi niliweka kiganja changu juu ya pampu. Ikazunguka, na nikangoja ule ukelele.

Haukuja. Chini ya kiganja nilisikia mtetemo mdogo tu, wa sawasawa, kama paka anayeota. Bomba likajaa baridi. Nikaanza kukimbia kupanda kilima, nikiyafuata maji, na kila niliyempita alikuwa ameweka sikio kwenye bomba akipaza sauti kwa aliye juu yake: "Yamepita hapa! Yamepita hapa!" Yakapita nusu ya kilima, mahali yaliposimama mara ile. Hayakusimama.

Juu, bomba la kijiji likakohoa. Likatema hewa, likanyamaza. Hapo ndipo ule ukimya niliokuambia. Ma Koku alikuwa amesimama mbele yake, mikono nyuma, uso wa mtu anayechambua. Kisha likatoa tope jekundu la kutu, likakohoa tena, na maji yakaja. Yalikuja meupe, manene kama mkono wa mtu, yakipiga saruji na kuruka, na vigelegele vikaanza juu, vikateremka kilima mtu kwa mtu mpaka vikamfikia Kaijage bondeni, tukamsikia akipiga honi ya lori la watu.

Wote walinyoosha vyombo. Ma Koku akawazuia kwa mkono mmoja. Akavua kandambili, akaweka mguu wa kulia chini ya maji, kisha wa kushoto. Akaosha miguu yake, polepole, mpaka magotini, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Katika maisha yake yote juu ya kilima kile, hakuwa amewahi kuipa maji miguu iliyoyabeba.

Alipomaliza aliniangalia. "Kasinge, Mwesiga," akasema, yaani hongera kwa kazi. Halafu, kwa kuwa alikuwa Ma Koku, akaongeza, "Bomba limefungwa kombo. Lakini hilo si kosa lako."

Bwana Maji alifika juu akihema, akanywa kwa viganja, akanywa tena. Akauliza vifuniko vilitengenezwaje, nikamweleza, akaomba nimtengenezee na gurudumu la Kagoma. Lori lilirudi limejaa ndizi, na spana hazikutoka kwenye gunia. Gurudumu la Kagoma nalo nililitengeneza; lakini hiyo ni kazi nyingine, na ilikuwa rahisi, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kujifunza kuuliza.

Sasa sikiliza, mwanangu, nikuambie waziwazi nilichokuitia.

Utapata rafiki wa buni. Mpende, ukae naye kama punje na punje. Mimi na Kaijage tulikaa hivyo mpaka nilipomzika. Lakini usimfanye yeye peke yake rula yako. Nyani haoni kundule, na nyani wawili wanaopendana wanasifiana makundu. Mnapokubaliana upesi katika jambo kubwa, ndoa, shamba, siasa, dini, hapo hapo kamtafute wa tatu. Mtafute aliye upande wa pili wa kilima, anayebeba ndoo ya jambo hilo kichwani. Atakuudhi. Atakuambia hapa peupe. Mpe kiti mlangoni, na umchotee maji.

Na kama siku moja wewe ndiye utakayekuwa wa tatu, usione uchungu. Vifuniko viwili viliingia kwenye pampu vikashangiliwa. Bamba la tatu halikwenda bondeni wala halikuguswa na maji. Lilibaki juu ya kisiki changu cha mvule, na mpaka leo liko pale, limenyooka kama siku ile. Kila kitu kilichonyooka nilichokitengeneza maishani mwangu kilianza kwa kulazwa juu yake.

Lichukue. Ni zito kuliko linavyoonekana. Mungu aliyeyapandisha maji kilimani ayapandishe na yako. Akupe wa kukupenda, akupe na wa kukukosoa, na mikono yako isichoke kabla ya weusi kuenea.